Macbeth: ni kudra au ni tamaa yake mwenyewe?

Swali: Katika tamthilia ya Shakespeare, Macbeth, wachawi watatu walimtabiria jemadari Macbeth ufalme. Kama yalishaandikwa, kosa lake liko wapi? Na katika insha, kinaya nikionyeshe wapi?

Jibu la 1: Soma tena Sehemu ya 1, Onyesho la 3, neno kwa neno. Wachawi wanamwambia atakuwa mfalme. Hawamwambii amuue mfalme Duncan. Wazo la kuua linatoka kichwani mwake, na muda mfupi baadaye anakiri kwamba bahati ingeweza kumvika taji bila yeye kunyanyua mkono. Banquo, jemadari mwenzake, naye alitabiriwa, kwamba atazaa wafalme, lakini hakumwaga damu ya mtu ili yatimie. Mlinganishe na Macbeth. Hiyo ndiyo hoja yako yenye nguvu kuliko zote.

Jibu la 2: Naongeza kinaya. Katika Onyesho la 4 la Sehemu hiyo ya 1, Duncan anasema alimwamini kabisa yule msaliti, mtawala wa Cawdor, na papo hapo Macbeth, mrithi wa cheo kile kile, anaingia. Hapo mtazamaji anajua asichokijua mfalme. Kisha nenda Sehemu ya 4, Onyesho la 1: Macbeth anaambiwa hatashindwa mpaka msitu wa Birnam uhamie Dunsinane, kwenye ngome yake, na kwamba hakuna aliyezaliwa na mwanamke atakayemdhuru. Macbeth anasikia ahadi ya usalama. Kumbe askari wa Malcolm, mwana wa Duncan, watakata matawi ya msitu huo wajifiche wakisonga mbele, na Macduff, mkabaila atakayemuua, alitolewa kwa kupasua tumbo la mamake. Wanafunzi wengi husahau onyo la kwanza katika onyesho hilo, “jihadhari na Macduff”, ambalo halikuwa fumbo hata kidogo.

Muuliza swali: Asanteni sana, naanza na Banquo.