Nilipie mshauri nasaha au niende kliniki ya serikali? (Nipo Wete, Pemba)

Bint_Jadida: Assalaam alaykum ndugu zangu. Msinicheke tafadhali. Usingizi umenikimbia. Saa nane usiku macho kodo, moyo unanienda mbio kama nimekimbizwa, silali tena mpaka adhana. Kuna mshauri nasaha yuko mjini Unguja, anafanya kwa simu ya video, kikao elfu hamsini. Kliniki ya serikali bure, lakini nasikia foleni. Nataka kuanza, ila sijui nianzie wapi.

Makame_Kojani: Elfu hamsini ya kusikilizwa? Nipe mie kumi, nikusikilize mpaka alfajiri na urojo juu yangu.

Ummu_Swafiya: Dada, adhkari za kulala unasoma? Hizi simu tunazolala nazo kifuani ndizo zinazotumaliza. Zima data saa tatu, tia udhu, lala.

Muuguzi_Mstaafu: Wa alaykum salaam. Kisomo asome, hakigombani na kliniki. Bi Jadida, moyo kwenda mbio usiku si lazima uwe wasiwasi. Tezi la shingo likifanya kazi kupita kiasi huleta hivyo hivyo, na upungufu wa damu pia. Hayo yanaonekana kwenye kipimo cha damu, na mtu wa video hana sindano. Ndiyo maana kliniki huanza na presha, mapigo na damu. Utakachokosa serikalini ni muda: daktari ana watu ukumbini, atakupa dakika kumi, pengine utoke na dawa bila mazungumzo. Mshauri wa kulipia atakupa dakika 50 kamili, lakini hapimi wala haandiki dawa. Kwani kliniki ya hapo Wete ina nini hata huitaki?

Bint_Jadida: Wifi yangu yuko pale. Anashika mafaili. Nikikaa lile benchi, kabla ya adhuhuri mama mkwe keshajua.

Makame_Kojani: Aa, basi hapo nimekuelewa. Wete mtu akinunua panadoli, Gando wanamwombea dua.

Muuguzi_Mstaafu: Panda daladala 606 uende Chake Chake, mafaili ya huko hayashikwi na wifi yako. Na hiyo video utaifanyia chumba gani? Nyumba zetu nyingi hazina dari, ukuta unaishia njiani na sauti inapita juu. Utajificha wifi hospitali, umpe mama mkwe kikao kizima akiwa kitandani kwake.

Bint_Jadida: Nitavaa spika za masikio.

Muuguzi_Mstaafu: Hizo zinaficha sauti yake, yako je?

Fundi_Saa: Tuulize la maana. Kwa kukosa usingizi, tiba ya mazungumzo inayofahamika ni vikao vinne mpaka vinane. Unaandika daftari la usingizi wiki moja hadi mbili: ulipanda kitandani saa ngapi, ulilala saa ngapi, uliamka mara ngapi. Kisha muda wa kitandani unapunguzwa ulingane na ule unaolala kweli, na saa ya kuamka haibadiliki hata Ijumaa. Macho yakikaa wazi kama dakika 20, unatoka kitandani. Wiki mbili za mwanzo mtu anazidi kuchoka, na wengi hukimbia hapo. Huyo mshauri kakwambia daftari? Kakwambia vikao vingapi?

Bint_Jadida: Kasema kumi. Daftari hapana. Nishalipa yote laki nne na nusu, kanipunguzia.

Fundi_Saa: Nishalipa! Sasa ushauri tunakupa wa nini?

Bint_Jadida: Nilitaka kujua kama nimekosea. Mtu mwenyewe mzuri, anasikiliza. Kasema tuanze safi, niache vidonge siku ya kwanza.

Muuguzi_Mstaafu: Vidonge gani?

Muuguzi_Mstaafu: Bi Jadida, vidonge gani?

Bint_Jadida: Vya usingizi tu. Duka la dawa wananipa bila cheti. Si kila siku.

Pweza_Mkavu: Mimi huu uzi siuamini. Mara "nataka kuanza", mara keshalipa. Mara wifi, mara vidonge. Akaunti ina siku nne. Hili ni tangazo la mshauri, kesho mtaletewa namba.

Makame_Kojani: Tangazo gani linasema mshauri kamwambia mgonjwa atupe dawa?

Pweza_Mkavu: Basi la mpinzani wake.

Ummu_Swafiya: Hata kama katunga, wapo wanaovimeza hivyo vidonge na wanasoma hapa. Mwacheni ajibu.

Bint_Jadida: Sikutunga. Akaunti mpya kwa sababu ile ya zamani wifi anaijua. Ganda hili hapa mkononi: Diazepam 5 mg. Nameza kimoja, siku mbaya viwili. Tangu Ramadhani.

Muuguzi_Mstaafu: Na sasa ni Mfunguo Tano, mwezi wa tano baada ya Ramadhani. Sikiliza vizuri. Dawa hiyo hutolewa kwa wiki chache tu. Baada ya miezi mwili umeshaizoea, ukikata ghafla unatetemeka, jasho, usingizi unaruka kabisa, na wengine hupata degedege. Usiache leo, wala usiongeze. Daktari ndiye anayekupunguzia kidogo kidogo kwa wiki nyingi, tena polepole zaidi mwishoni. Usichanganye na dawa kali za maumivu, na ukianza kutetemeka au kuchanganyikiwa kabla hujafika Chake, nenda hospitali iliyo karibu, wifi au hapana wifi. Mshauri mwambie vikao visimame mpaka uonane na daktari. Akikataa, au akisema daktari hahitajiki, dai pesa iliyobaki. Na vidonge vimebaki vingapi?

Bint_Jadida: Sita.

Muuguzi_Mstaafu: Basi ni kesho. Ganda lenyewe tia kwenye pochi, usimwelezee daktari kwa rangi.

Bint_Jadida: Na wifi akiniona kituoni?

Makame_Kojani: Mwambie unakwenda Chake kununua kitambaa.

Ummu_Swafiya: Astaghfirullah, asiseme uongo. Hicho kitambaa akinunue kweli.