Kwa nini filamu mbovu ya bunilizi ya kisayansi hufurahisha kuliko inayochekesha kwa makusudi?

Swali, kutoka kwa MpendaSinema

Salaam, ndugu zangu. Jumamosi usiku mimi na kaka yangu tulitazama *Plan 9 from Outer Space*, filamu isiyo na rangi iliyopigwa Marekani mwaka 1956 chini ya uongozi wa Ed Wood. Inahusu viumbe kutoka anga za juu wanaofufua wafu ili kuwazuia binadamu wasitengeneze silaha ya kuangamiza ulimwengu. Chumba cha marubani kimefungwa pazia la kawaida, mawe ya makaburi yanayumba, na gari la polisi linaloondoka mchana linafika makaburini usiku. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, lakini hatukuondoa macho hata mara moja. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumetazama filamu nyingine, mpya, ambayo watengenezaji wake waliifanya mbovu makusudi ili watu wacheke, tukaizima kabla ya nusu saa. Zote mbili ni mbovu. Mbona moja ilitushika na nyingine ikatuchosha?

Jibu, kutoka kwa Bi. Rehema

Ndugu MpendaSinema, nadhani jibu limo katika nia ya mtengenezaji, na hakuna mahali inapoonekana wazi kama katika sehemu za Bela Lugosi. Mwigizaji huyo, aliyejulikana dunia nzima kwa kuigiza kama Dracula, mfu mnyonya damu, katika filamu ya mwaka 1931, alifariki Agosti 1956, kabla filamu hiyo haijaanza kupigwa. Wood alibaki na vipande vichache alivyokuwa amempiga bila sauti, kimojawapo kikimwonyesha mzee akitoka nyumbani, akichuma ua na kulinusa. Hakukubali kuvitupa. Akaviweka ndani ya hadithi, ua lile likawa huzuni ya mgane anayemlilia mkewe, na kwa sehemu zilizobaki akamtafuta mwanamume mwingine, mrefu kuliko Lugosi, ambaye muda wote anajifunika uso kwa joho. Joho lile linachekesha kwa sababu tunaelewa mara moja linaficha nini na kwa nini, na tukishaelewa hivyo tunakuwa tumeingia upande wa mtengenezaji. Filamu iliyoharibiwa kwa makusudi haina siri ya namna hiyo, maana hakuna mtu aliyejaribu kitu kikamshinda.

Jibu, kutoka kwa Fundi Picha

Nakubaliana na Bi. Rehema, ila nia njema peke yake haitoshi. Nimetazama filamu nyingi za mapenzi zilizotengenezwa kwa moyo wote na watu wasioijua kazi, na nyingi zilinichosha vibaya. Mapenzi yakiigizwa vibaya, tunabaki tukiwatazama watu wawili waliokaa kwenye kochi. Bunilizi ya kisayansi, kwa upande wake, inamlazimu mtengenezaji aonyeshe kitu ambacho hakipo duniani, na ahadi hiyo haijali ana fedha kiasi gani mfukoni. Mfano ninaoupenda mno ni *Robot Monster* ya mwaka 1953, iliyopigwa kwa siku nne. Kwa kuwa vazi la roboti lingegharimu fedha nyingi, alichukuliwa mwigizaji aliyekuwa na vazi lake mwenyewe la sokwe, akavishwa kofia mfano wa ile ya mzamiaji, akawa ndiye adui aliyeangamiza karibu wanadamu wote. Anasimama mbele ya pango pamoja na mashine inayotoa mapovu ya sabuni, na mapovu hayo yanapanda polepole yakipeperuka mbele ya manyoya yake huku yeye akitoa amri za kuua. Tazama sehemu hiyo kwa makini, ndugu yangu. Akili inasikia mwisho wa dunia, jicho linaona mapovu, na furaha yote inatoka katika nafasi iliyopo kati ya viwili hivyo.

Jibu, kutoka kwa Mzee wa Sinema

Wanangu, mmesema vizuri, nami naomba tu kicheko chetu kisigeuke dharau. Mwaka 1980 *Plan 9* ilitangazwa kitabuni kuwa filamu mbaya kuliko zote zilizowahi kutengenezwa, na tangu hapo watu wengi wameitafuta kwa sababu ya sifa hiyo. Wood alikuwa amefariki Desemba 1978, akiwa fukara, wala hakuona umati huo wa watazamaji. Mwaka 1994 Tim Burton alitengeneza filamu kuhusu maisha yake, na Martin Landau, aliyeigiza kama Lugosi, akapata tuzo ya Oscar. Ndiyo maana nikiitazama *Plan 9* na wajukuu huwaacha wacheke watakavyo, kisha nawaeleza ni nani yule mzee mwenye ua.

MpendaSinema anajibu

Shikamoo, Mzee. Nawashukuru nyote. Jana usiku tulirudia sehemu ile baada ya kumsomea kaka yangu maelezo ya Bi. Rehema. Joho lilipotokea alicheka kuliko mara ya kwanza, lakini Lugosi alipoinama kuchuma ua aliniomba nirudishe nyuma, tukaitazama tena bila kusema neno.