Naomba ushauri: Baiskeli ya umeme na bima ya nyumba

Assalam aleikum ndugu wanachama. Ninaishi Likoni katika nyumba ya kupanga, na kila asubuhi huvuka kwa feri kwenda kazini kisiwani na baiskeli ya umeme niliyoinunua kwa shilingi 95,000, ambayo betri yake huichomoa usiku na kuichaji ndani, kando ya mlango wa jikoni. Bima yangu ya vyombo vya nyumbani inataja "baiskeli" bila maelezo zaidi, lakini wakala, baada ya kunizungusha wiki mbili, amenijibu kwa simu tu kwamba chenye mota ni pikipiki. Kwa maandishi hataki.

Je, yupo aliyefanikiwa kuiorodhesha baiskeli kama hii, ikalindwa hata ikiibwa nje, tuseme imefungwa kwa mnyororo pale Mwembe Tayari? Na moto ukianzia kwenye betri, fidia ya vyombo vingine hulipwa?