Mwishoni mwa Septemba niende korongo lipi: Spearfish, Logan au Zion?

Pendo_K: Wadau habari zenu. Tutakuwa Marekani wiki ya mwisho ya Septemba, nataka korongo moja tu lenye majani yaliyoanza kugeuka rangi na maji pia, iwe mto au maporomoko. Nimebaki na Spearfish (South Dakota), Logan na Zion (zote Utah). Mume wangu kang'ang'ania Zion sababu ya picha alizoona, mi sina uhakika. Mnasemaje?

mzee_wa_viatu: Dada, Zion tarehe hizo utakuta kijani kitupu. Ile miti ya kotoniwudi kando ya Mto Virgin inageuka njano mwishoni mwa Oktoba kuelekea Novemba, maana pale chini ni kama mita 1,200 tu, joto linachelewa kuondoka. Narrows, ambako unatembea ndani ya mto wenyewe, ni tamu kwelikweli ila Septemba mafuriko ya ghafla bado yapo, mvua inapiga mbali huko juu we huioni, unashtukia maji yamebadilika rangi na yanapanda. Mumeo aende kwa ajili ya miamba, majani asahau.

Chausiku: Logan!! Shika barabara ya US 89 toka mjini Logan mpaka ziwa la Bear Lake, kama kilomita 64, na mto uko nawe sehemu kubwa ya njia. Chini miti ya mimepo imewaka nyekundu, ukizidi kupanda unaingia kwenye miti ya aspeni ya njano. Wekundu unataka mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha, kukiwa na mawingu wiki nzima rangi inafifia.

Baraka_njiani: Kwa wekundu sikubishii, ila kaomba na maji. Spearfish barabara ya 14A ni kilomita 30 hivi na ina maporomoko matatu: Bridal Veil unaliona hapohapo barabarani, Spearfish Falls unashuka kidogo, halafu Roughlock, maji yanateremka ngazi kwa ngazi juu ya mawe ya chokaa, hutaki kuondoka. Rangi ni njano zaidi, miti ya aspeni na betula, lakini nyuma yake kuna miti ya misprusi ya kijani kizito ndo maana inang'aa vile. Omba tu upepo mkali usipite kabla yako, unaangusha yote.

Pendo_K: Na mtoto wa miaka minne je?

Baraka_njiani: Roughlock kuna njia nzuri na uzio, anatembea mwenyewe.

mzee_wa_viatu: Narrows usimpeleke.

Pendo_K: Basi Spearfish. Mume akibisha namtuma kwako mzee.