Simba makocha tisa ndani ya miaka sita, na bado mnaniambia tatizo ni kocha

Wakuu habari zenu. Nina hasira na sitazificha, na naongea kama mwana Simba wa kuzaliwa sio mtu wa Yanga aliyejificha, kwahiyo wale wa "huyu utopolo huyu" mniache nimalize kwanza ndio mje.

Hapa Arusha vijiweni saa hizi ni kocha kocha kocha. Ukipita Ngarenaro ni hiyo, ukishuka Unga Limited ni hiyo, ukipanda hiace ya Sakina konda na abiria wanabishana kuhusu kocha Steve Barker, acheze mfumo gani, amweke nani benchi, atamaliza msimu au hamalizi. Kuna chalii mmoja Simba damu kabisa ananiambia kaka huyu tumpe mechi tano akizingua aende zake. Mechi tano! Na wenzake wote pale wanakubali. Yaani tumezoeshwa mpaka tunaona ni kawaida, mtu anashuka uwanja wa ndege anavishwa skafu anapigwa picha na jezi, wiki hiyohiyo watu washaanza kuulizana atakayemfuata ni nani.

Haya tuhesabu pamoja. Aussems katolewa Novemba 2019, mtu aliyetupeleka robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika msimu wa 2018/19 tukatolewa na TP Mazembe. Baada yake kaja Sven, Gomes, Pablo Franco, Zoran Maki, Robertinho, Benchikha, Fadlu, Pantev, na sasa Barker. Tisa. Mwisho wa 2019 mpaka mwisho wa 2025. Na hapo sijamgusa Mgunda wala Matola ambao kila nyumba ikishika moto ndio wanaitwa kubeba ndoo, moto ukizima wanarudishwa nyuma kimya kimya bila hata asante ya maana.

Sasa angalieni tunavyowatoa. Gomes huyu alimfunga Al Ahly ya Misri bao moja Uwanja wa Mkapa Dar Februari 2021 goli la Miquissone, nchi nzima ilisimama. Agosti ile ile Miquissone akauzwa Al Ahly, Chama akauzwa Berkane, wote wawili dirisha moja, roho ya timu yote imeng'olewa. Oktoba tukashinda mbili bila ugenini kwa Jwaneng Galaxy, tukarudi nyumbani tukapigwa tatu moja tukatolewa kwa goli la ugenini. Nani akaondoka? Gomes. Aliyeamua wale wawili waondoke kwa pamoja mlimsikia akiulizwa popote? Mimi sijasikia.

Robertinho hivyo hivyo. Oktoba 2023 kwenye African Football League kacheza na Al Ahly mara mbili, mbili mbili Dar, moja moja Cairo, Al Ahly hawajamfunga, tumetoka kwa goli la ugenini. Kwenye ligi msimu ule alikuwa hajapoteza. Ikaja tarehe 5 Novemba, tano moja kutoka kwa Yanga, na mimi siku ile sikula na sikutaka simu ya mtu, lakini hata na maumivu yale yote siku mbili baadae mtu kapewa thenkyu nikajiuliza sasa hapa tumetibu nini? Beki ilikuwa ile ile, kiungo kile kile kimechoka, na Aprili 2024 tukakutana tena na Yanga tukiwa na Benchikha tukafungwa mbili moja. Benchikha mwenyewe mwisho wa mwezi huo akaaga kwa matatizo ya familia, hilo simlaumu hata kidogo, familia kwanza.

Lakini hao ni wa kutolewa. Kinachoniuma zaidi na ndio sababu hasa ya uzi huu ni hawa wanaoondoka wenyewe wakiwa wanafanya vizuri. Sven Januari 2021 katuvusha kuingia makundi kwa kumpiga FC Platinum nne bila, hata shangwe haijaisha kaondoka kaenda FAR Rabat. Zoran kaja kati ya mwaka 2022, Septemba hayupo, yuko Misri. Na Fadlu. Aisee Fadlu mimi mpaka leo sijakubali.

Fadlu alikuta nini pale? Julai 2024 alikabidhiwa timu iliyobomolewa ikajengwa upya na watoto wageni, Ahoua, Mukwala, Mutale, Camara golini, kina Mavambo, wote wapya, wengine ndio mara ya kwanza wanasikia jina la Tanzania. Msimu huo huo kawafikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Al Masry walitufunga mbili bila kule kwao, tukarudisha mbili kwa Mkapa tukawatoa kwa penati. Stellenbosch ya Afrika Kusini tukawamaliza kwa faulo ya Ahoua pale Zanzibar na Durban tukaenda kubana suluhu. Berkane wakatushinda, mbili kule na moja moja Amaan tukiwa pungufu baada ya kadi ya Kagoma. Kwenye ligi tukafika mechi ya mwisho tarehe 25 Juni 2025 tuko nyuma ya Yanga kwa pointi moja tu. Tulifungwa mbili bila ndio, najua, msinikumbushe. Ila timu ya mwaka mmoja kufika pale ni kazi ya mtu anayejua anachofanya na kila mwenye macho aliona.

Zawadi yake ikawa nini? Dirisha lililofuata nahodha Tshabalala, mtu aliyekuwa Msimbazi toka 2014, anaondoka anaenda wapi, YANGA. Che Malone anaenda USM Alger. Mwaka mmoja tu nyuma yake Chama naye alikwenda hukohuko Jangwani. Kocha anatakiwa aanze tena kufundisha watu kujuana majina. Septemba tukafungwa Ngao ya Jamii moja bila, wiki hiyo hiyo tarehe 20 akaenda Botswana akashinda moja bila ugenini kwa Gaborone United, halafu kabla hata ya mechi ya marudiano hajarudi benchi, kaenda Raja Casablanca. Katikati ya mechi mbili za Klabu Bingwa! Mtu haachi timu katikati ya raundi kama kila kitu kipo sawa nyumbani. Sawa Raja ni klabu kubwa na alishafanya kazi pale kama msaidizi, ila mimi nataka mtu mmoja kati ya viongozi asimame aseme kwa lugha ya kawaida nini kilifanyika kumbakisha.

Na baada ya hapo tukamchukua nani? Pantev. Pantev ndiye alikuwa kocha wa hao hao Gaborone United. Mtu tuliyetoka kumfunga tukamleta, tukamwita meneja. Kapita na Nsingizini tatu bila kule Eswatini watu wakaanza kuimba, ilipofika makundi Petro de Luanda wametufunga moja bila pale pale kwa Mkapa, tukaenda Bamako Stade Malien wametupiga mbili moja, Desemba mwanzoni Pantev kwisha habari yake. Sasa kaja Barker, na Barker ndiye alikuwa kocha wa Stellenbosch, ile ile tuliyoitoa nusu fainali. Mnaona wakuu? Tumemwacha aondoke mtu aliyewafunga hawa wawili, halafu tumewaajiri waliofungwa, mmoja baada ya mwingine, ndani ya miezi mitatu. Mimi simdharau Barker, tena naona ni kocha mzuri, huyu bwana alikaa Stellenbosch toka 2017, akawapandisha ligi kuu 2019, akawapa kombe 2023, akawafikisha nusu fainali Afrika. Miaka minane klabu moja. Alivumiliwa, akajenga. Sasa huyo mtu wa miaka minane tunamleta kwenye kijiwe cha mechi tano.

Najua hoja inayokuja maana nimeisikia mpaka masikio yameuma, mbona Yanga nao wanabadilisha na ubingwa wanachukua? Ni kweli. Msimu wa 2024/25 walianza na Gamondi, akafungwa na Azam na Tabora United mfululizo wakamtoa, akaja Ramovic akaondoka Februari kwenda Belouizdad, akamalizia Hamdi na kombe wakabeba, la nne mfululizo. Oktoba 2025 Folz kafungwa na Silver Strikers Malawi siku hiyohiyo kapewa barua. Lakini tuwe wakweli hata kama inauma, Yanga wakibadilisha kocha kule ndani wanabaki walewale. Diarra golini, Bacca na Job nyuma, Mudathir, Pacome, Maxi, wanajuana mpaka pumzi. Kocha mpya anakuta timu ipo tayari yeye anaongeza chumvi. Sisi kocha mpya anakuta wachezaji wapya, na wachezaji wapya wakianza kuelewana wanakuta kocha mpya tena. Sisi tunabadilisha vyote viwili kwa wakati mmoja kila mwaka halafu tunashangaa.

Na tukumbuke sisi ndio tulikuwa hivyo. Ubingwa minne mfululizo toka 2017/18 mpaka 2020/21, Aishi, Wawa, Tshabalala, Kapombe, Mkude, Chama, Bocco, walikuwa wanacheza macho yamefumbwa. Makocha walibadilika wakati ule pia na tukachukua tu. Kilichokuja kutuua ni pale kikosi kilipovunjwa bila mpango, makocha wakawekwa mbele kama ngao.

Kuna watu mtasema wewe uko Arusha unajua nini kuhusu Msimbazi. Sikilizeni. Sisi mkoa huu hatuna timu ligi kuu toka JKT Oljoro ishuke 2014. Majirani zetu Moshi walikuwa na Polisi Tanzania pale Ushirika nayo ikashuka 2023. Kwahiyo huku Simba sio timu ya mbali, ndio timu tuliyonayo. Coastal Union walipoutumia Sheikh Amri Abeid kama nyumbani, Machi 2025 Simba ikaja, watu wametoka Karatu, Monduli, Usa River, Rombo huko, wazee wamefunga maduka, akina mama wa soko la Kilombero wamekuja na jezi nyekundu, Mukwala akapiga tatu peke yake. Jioni ile mji huu haukulala. Hao ndio watu mnaowachezea akili. Wananunua jezi kila msimu, wanalipia kadi, wanalipia king'amuzi, bando la kuangalia mechi za ugenini, na tunaambiwa wanachama ndio wenye asilimia 51 ya klabu. Asilimia 51 halafu habari za kocha kuondoka tunazikuta mitandaoni usiku kama wapita njia!

Mimi sitaki Barker aondoke na sitaki mtu yeyote aanze kumhesabia mechi. Nataka apewe madirisha mawili makubwa, asajili yeye au walau asajiliwe anachoomba. Akifeli hapo tutakuwa na cha kumuuliza. Saa hizi tukimfukuza tutamuuliza nini, kikosi sio chake.

NAONGEZA HAPA maana nimesoma majibu yenu.

Aliyesema "viongozi wametoa hela nyingi usajili unataka nini tena", mkuu hela sijasema hazijatoka. Nimeuliza anayechagua mchezaji ni nani. Maana kocha akipewa straika asiyemuomba na beki asiyemjua, fainali ikipotea anaondoka kocha, aliyechagua anabaki ofisini anachagua tena dirisha lijalo. Hilo swali halijajibiwa na mtu hata mmoja humu, mmekimbilia kunitukana.

Ndugu yangu wa Moshi uliyesema Matola apewe timu moja kwa moja, hapo nakuelewa na nakuheshimu, yule mzee kavumilia mengi. Ila naye mkimpa kwa utaratibu huuhuu mtamchoma vilevile, na yeye ni wetu itauma mara mbili.

Watu wa Yanga mliojaa humu kucheka, chekeni, haki yenu, mmetufunga mno miaka hii.

Na wewe uliyesema nikaongee kwenye vikao sio kuja kulia humu, sawa. Mkutano mkuu ujao napanda basi nakuja Dar, na wenzangu wa huku Chuga tumeshakubaliana tunakuja pamoja. Swali langu ni hilo hilo, nani anasajili, na Fadlu alifanyiwa nini mpaka akaondoka katikati ya raundi. Wakininyima maiki nitauliza bila maiki.