Shimo fupi la gofu la kuteremka: Pebble Beach namba 7 au Troon namba 8?

Kijiti: Wadau, nalinganisha mashimo mawili mafupi ya pa 3 (unatarajiwa kumaliza kwa mapigo matatu) ambayo unapiga ukiwa juu na grini, yaani nyasi fupi zenye kitundu, iko chini yako. Namba 7 la Pebble Beach, California, halifiki yadi 110, na bahari ya Pasifiki iko nyuma na kulia. Namba 8 la Royal Troon, Uskoti, ni yadi 123, grini imebanwa ubavuni mwa kilima cha mchanga na bunka 5, yaani mashimo ya mchanga, zinaisubiri mipira. Lipi limechorwa kwa akili zaidi? Mimi niko na la 7.

FimboTisa: La 7, sina ubishi. Kwa sababu ya mteremko mpira unakaa hewani kuliko yadi zinavyodai, na upepo unapata muda wa kuuchezea. Siku shwari ni wejii tu, fimbo ya mapigo mafupi ya juu. Siku ya mwisho ya mashindano ya US Open 1992, Tom Kite alitoa aini 6 hapo, fimbo ya kupiga mbali zaidi ya wejii, akakosa grini upande wa kushoto, kisha akautumbukiza kutoka kwenye nyasi. Aini 6, yadi mia na ushee!

Mchorachora: Taratibu. Iondoe bahari, la 7 linabaki na nini? Grini ndogo na mchanga pembeni. Troon hapana pambo. Mwaka 1950 Mjerumani Herman Tissies, mchezaji wa ridhaa, alimaliza kwa mapigo 15, anatoka bunka hii anaingia ya ng'ambo. Mwaka 1973 Gene Sarazen, akiwa na miaka 71, aliingiza kwa pigo moja, na kesho yake akaingiza la pili kutoka bunka. Siku zote mbili pata, fimbo ya kusukumia mpira kwenye grini, haikutoka kwenye mkoba.

BiZuhura: @Mchorachora nakubali nusu. Kuonyeshwa kila kitu ukiwa kwenye tii, mahali pa kupigia pigo la kwanza, nako ni uchoraji: huwezi kusingizia kwamba bunka hukuiona. Na misuli haina kazi hapo. Pa 3 za yadi 230 wengine wetu tunaomba tu mpira ufike.

Kijiti: Sawa, na mnapochagua fimbo, yadi mnapunguzaje kwa ajili ya mteremko?

FimboTisa: Kwa makadirio, futi 3 za kushuka toa yadi 1. Ila mpira wa wejii unaanguka karibu wima, kwa hiyo punguzo halisi ni dogo zaidi. Wengi wanatoa kupita kiasi, wanaishia bunka ya mbele.

Mchorachora: Hoja ya BiZuhura naipokea. Kura yangu bado Troon.