Kamera ya Wi-Fi inakataa riseti, taa inabaki nyekundu (Goma)

ndosho_sola
Salama wakubwa. Nina kamera ya ndani, ile ya kichwa chenye kuzunguka, mtumba wa soko la Birere. Inatumia micro-USB, 5V. Umeme wa mtaani hauna saa, kwa hiyo inalishwa na tundu la USB la kontrola ya sola, waya wa mita 3. Nikifinya riseti (kitufe cha kuirudisha kama mpya) kwa sindano, taa inazima, kichwa kinazunguka, kiisha taa nyekundu inarudi na kubaki hapo. Haisemi kitu, wala taa haimetameti kama inavyoandikwa kwenye karatasi yake. Ndani mna kadi ya memori ya GB 64. Kitufe kimekufa, au programu yake imeharibika? Kuna fundi mwenye kuniambia aimwagie programu mpya ya ndani (firmware).

fundi_wa_himbi
Ndugu, huyo wa kumwaga programu angoje kwanza. Kichwa kikizunguka, maana yake kamera imewaka upya: ni mota zinajipima. Swali ni nani ameizima, kitufe au upungufu wa umeme. Jaribio rahisi: iache dakika kumi bila kuigusa. Kama inazunguka yenyewe, kitufe hakina kosa, umeme haufiki.

Waya wa mita 3, hasa ule mwembamba wa bei ya chini, unakula volti njiani. Kamera ikiwa imetulia inavumilia. Mota zikianza, na usiku taa za infraredi zikiwaka, inavuta ampea nyingi zaidi, volti zinaanguka, inazima kabla haijamaliza kufuta mipangilio. Ndiyo maana kila mara unaikuta ileile. Ukiwa na kipimo cha USB, kiweke upande wa kamera, siyo upande wa kontrola, maana kule utaona 5V nzuri tu na kudanganyika. Chini ya 4.75V wakati kichwa kinazunguka, usiendelee.

Fanya hivi:

1. Toa kadi ya memori. Kadi mbovu inaweza kuchelewesha kuwaka, au kuizuia kabisa.
2. Chukua chaja ya simu ya 5V 2A na waya mfupi, usiozidi mita moja. Chaja za kasi nazo hazina hatari: zinaanza na 5V na hazipandi mpaka kifaa chenyewe kiombe.
3. Iwashe, ngoja kichwa kisimame na taa itulie. Mara nyingi ni sekunde 30 hadi 60.
4. Finya riseti na usiachie mpaka sauti yake isikike au taa ibadilike. Kwa aina nyingi ni sekunde 5 hadi 15, lakini fuata kamera, siyo saa.

Halafu angalia vizuri ni tundu gani unachoma. Kitufe kinalia "tik" chini ya sindano. Tundu lisilo na "tik" ni la maikrofoni, na ukilitoboa, sauti imekwenda. Kwenye kamera ya Tapo C200, kwa mfano, kitufe kimejificha chini ya lenzi, mpaka uinue kichwa ndipo ukione.

kadutu_reseau
Niko Bukavu. Nakubali habari ya waya, lakini hatua ya 3 siyo ya kamera zote. Zile za Hikvision za waya wa mtandao, zenye kitufe karibu na fasi ya kadi, zinataka kinyume chake: zima umeme, finya kitufe, washa huku umeshikilia, endelea kama sekunde 10 au zaidi. Ukifinya ikiwa imeshawaka, kwa nyingi hakuna kitakachotokea, nawe utasema kitufe kimekufa. Kiisha fungua kwenye kompyuta programu ya SADP, ile ya Hikvision ya kutafuta kamera kwenye mtandao: ikionekana haijaamilishwa, na IP (anwani yake ya mtandao) imerudi 192.168.1.64, riseti imepita.

Na wenye kamera zenye tundu la umeme la duara, msifanye mchezo. C200 ni 9V, nyingine ni 12V. Bateri ya sola ya asidi inapochajiwa inafika 14.4V. Usiunge kamera ya 9V moja kwa moja hapo, weka kishusha-volti katikati.

ndosho_sola
Aksanti sana. Kweli, ilikuwa inazunguka yenyewe bila kuguswa. Kwa waya mfupi na chaja ya simu imesema inangoja kuunganishwa, taa inametameta. Ila sasa programu ya simu inaandika kwamba kifaa kiko kwenye akaunti ya mtu mwingine, na inaonyesha herufi chache za imeili yake. Basi riseti haijafuta?

fundi_wa_himbi
Imefuta. Kitufe kinafuta kilicho ndani ya kamera: jina la Wi-Fi, neno la siri, saa. Mwenye zamani ameandikwa kwenye seva ya kampuni, kwa namba ya kamera, na sindano haifiki huko. Kampuni nyingi zinafanya hivyo makusudi, ili mwizi asitumie alichoiba. Hata kumwaga programu mpya hakusaidii, kwa sababu namba inabaki ileile. Tena ukimwaga ya modeli nyingine, ganda likifanana lakini chipu tofauti, umebaki na mdoli mweupe, kamera imekufa.

Rudi kwa aliyekuuzia, amtafute mwenye akaunti. Huyo afungue programu yake, achague kamera, afinye "Supprimer l'appareil", yaani ondoa kifaa (simu nyingi hapa ziko kwa Kifaransa). Kwa kawaida kamera haihitaji kuwa karibu wala kuwaka. Akikosekana, andikia kampuni, na uwe na picha ya kibandiko chenye namba pamoja na risiti ya kununulia. Muuzaji akikataa hata kumtafuta, mrudishie kamera. Kwa mtumba wa Birere, pesa zitoke baada ya kamera kuingia kwenye akaunti yako, palepale mezani, kwa pawabenki na hotspoti.

kadutu_reseau
Hiyo hotspoti iwe ya bendi ya 2.4 GHz. Simu nyingi mpya zinatoa 5 GHz na kamera ndogo hizi haziioni kabisa. Nenda kwenye mipangilio ya hotspoti ubadilishe bendi, na uipe jina fupi lisilo na herufi za é au ç. Utahitaji simu ya pili ya kuunganishia, maana baadhi ya programu zinagoma simu ileile ikitoa hotspoti. Ukifika kwenye QR, ile alama ya mraba ambayo kamera inaisoma kwenye skrini ya simu, ongeza mwanga wa skrini mpaka mwisho na ushike simu sentimita 15 hadi 20 toka lenzi. Isiposoma, sogeza nyuma taratibu, usiisogeze mbele.